Jinsi ya Kupanga Begi la Safari ya Miguu ya Kulala Nje

Karibuni tena. Leo tunapanga begi la mgongoni kwa safari ya miguu ya kulala nje usiku mmoja. Hili nililonalo ni la lita 50. Kwa usiku mmoja au miwili, begi lolote la lita 40 hadi 60 linatosha.

Kabla hujaligusa begi, tandaza vitu vyote sakafuni, kama hivi. Tafadhali usiiruke hatua hii. Vitu vikiwa mbele ya macho yako, utaona ulichosahau na utaona ulichochukua mara mbili. Punguza, kisha pima. Begi likiwa tayari, pamoja na chakula na maji, lisizidi sana moja ya tano ya uzito wa mwili wako. Mwenye kilo 65 abebe kama kilo 13. Na lita moja ya maji ni kilo moja kamili, kwa hiyo ihesabu.

Sasa tunaanza. Ndani ya begi, tanguliza mfuko mkubwa wa plastiki ngumu. Kile kifuniko cha mvua cha nje kinasaidia, lakini upande wa mgongoni kinauacha wazi, na maji yanayoteremka mgongoni mwako yanapenya hapo hapo. Mfuko wa kulalia ukilowa, usiku wako wote umeharibika, na baridi ya usiku nje inaweza kuua.

Chini kabisa unaingia huo mfuko wa kulalia. Usiukunje vizuri, usindilie kwa ngumi mpaka ujaze kona zote. Ongeza nguo za kulalia na soksi kavu. Hivi vyote huvihitaji mpaka ufike kambini.

Katikati ndipo penye kazi. Chakula, jiko, maji ya akiba na vitu vingine vizito viguse mgongo, kuanzia juu ya kiuno hadi usawa wa mabega. Kwa nini? Chukua chupa ya maji iliyojaa, ikumbatie kifuani. Nyepesi, sivyo? Sasa nyoosha mkono mbele na uishike hivyo hivyo. Chupa ni ileile, lakini baada ya muda mfupi mkono unaanza kutetemeka. Begi nalo ni hivyo hivyo: uzito ukikaa mbali na mgongo unakuvuta nyuma, nawe unatembea umeinama kutwa nzima.

Hema usiliache kwenye mfuko wake mrefu. Nguzo zisimamishe pembeni, kitambaa kijaze nafasi zilizobaki kuzunguka vitu vizito ili visichezecheze. Sufuria nayo isiende tupu, ipakie jiko au viungo ndani.

Mafuta ya jiko nayaweka wima, chini ya usawa wa chakula, ndani ya mfuko wake unaofungwa. Wakati mmoja niliyaweka juu ya chakula, kizibo kikalegea njiani. Jioni nilipofungua begi, harufu ilinipokea kabla sijaona chochote, na chakula cha siku mbili kilikuwa cha kutupa. Tangu siku hiyo nakaza kizibo, halafu nakikaza tena.

Juu kabisa: koti la mvua, sweta, vifaa vya huduma ya kwanza na tochi ya kichwani. Ramani, dira, filimbi na kitafunio viende kwenye mifuko midogo. Ukimaliza, zima taa ya chumba uitafute tochi kwa kupapasa. Ukihangaika, ihamishe sasa hivi ukiwa bado nyumbani.

Kaza mikanda ya pembeni ili mzigo ubanwe pamoja. Usining'inize vikombe na viatu nje, vinanasa kwenye matawi na kukuyumbisha.

Kuvaa nako kuna utaratibu. Legeza mikanda yote. Shika kile kitanzi cha juu, kunja goti, pandisha begi kwenye paja, ndipo upitishe mkono. Mkanda wa kiunoni ndio wa kwanza: ukae juu ya mifupa ya nyonga, si tumboni, na uukaze vizuri, maana nyonga ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya mzigo. Kisha kaza ya mabegani, halafu ile midogo iliyo juu ya mabega, inayolivuta begi karibu nawe. Wa kifuani uwe wa mwisho, usikubane pumzi.

Sasa tembea nalo humo ndani dakika kumi, panda na ushuke ngazi kama zipo. Mabega yakiuma, rudi kwenye mkanda wa kiunoni. Begi likikuvuta upande mmoja, lishushe, lifungue, uhamishe kitu kizito upande wa pili.