Kokoto Zilizobaki: Mazungumzo Kuhusu Asteroidi

BAKARI: Karibu tena, msikilizaji. Mimi ni Bakari, na pembeni yangu yupo dada Zuhura, mtu pekee humu studio mwenye jina la sayari.

ZUHURA: Na nimeshaona kwamba leo sayari yangu haimo kwenye ajenda. Haya, endelea tu.

BAKARI: Leo tunaiacha nyuma. Tunaipita Dunia, tunaipita Mirihi, na kabla ya kufika Mshtarii tunasimama kwenye ukanda wa asteroidi, yale mawe ya angani yanayolizunguka Jua. Hebu niambie, ukisikia jina hilo unaona nini kichwani?

ZUHURA: Mawe yamebanana. Chombo kinayakwepa huku na huku, rubani kajaa jasho.

BAKARI: Rubani huyo angeweza kulala usingizi wa pono! Kutoka asteroidi moja hadi jirani yake, kwa wastani, ni kama kilomita milioni moja. Mwezi wetu uko kilomita 384,000 tu kutoka hapa. Pioneer 10, chombo cha Marekani kisicho na mtu, ilikuwa ya kwanza kuuvuka ukanda huo: iliingia 1972, ikatokea upande wa pili 1973, salama kabisa.

ZUHURA: Lakini si tunaambiwa zipo mamilioni?

BAKARI: Zipo, ila nafasi ni kubwa mno na zenyewe ni ndogo. Ukizikusanya zote ukafinyanga tonge moja, uzito wake ni kama asilimia 3 ya uzito wa Mwezi. Na zaidi ya theluthi ya tonge hilo ni Ceres peke yake, ile kubwa kuliko zote.

ZUHURA: Ceres hiyo niachie mimi, maana kisa chake nakipenda. Ni tarehe 1 Januari 1801, usiku, mji wa Palermo, kisiwani Sicily. Padri mmoja, Giuseppe Piazzi, anapanga orodha ya nyota zake. Anaona kinukta ambacho kesho yake kimesogea. Nyota haisogei hivyo! Akakifuatilia wiki kadhaa, akaugua, na alipopata nafuu kinukta kimeshaingia kwenye mwanga wa Jua. Hakuna anayejua kitatokea wapi.

BAKARI: Kimepotea.

ZUHURA: Kimepotea kweli. Ndipo Carl Friedrich Gauss, mwanahisabati kijana wa miaka 24, alipochukua vipimo vile vichache akapiga hesabu na kusema: tafuteni hapa. Mwaka haujaisha, tarehe 31 Desemba, ikaonekana karibu na pale alipoonyesha. Mimi hapo huwa nanyamaza kidogo. Mtu ana kalamu na karatasi tu!

BAKARI: Na wakaiita sayari.

ZUHURA: Wakaiita sayari, na nyingine tatu zilizofuata nazo zikaitwa hivyo: Pallas, Juno na Vesta. Mwanafalaki William Herschel ndiye aliyeona haya hayafai, kwa kuwa kwenye darubini vilibaki vinukta tu, wakati sayari huonekana kama kisahani. Akaleta neno asteroidi, yaani mfano wa nyota. Jina la kudanganya, ukiniuliza. Ni mawe yale.

BAKARI: Tangu 2006 Ceres inahesabiwa sayari kibete, yaani si sayari kamili. Ina upana wa kilomita 940 hivi.

ZUHURA: Sasa nieleze, kaka. Mimi nilikua nikisikia kwamba pale palikuwa na sayari ikapasuka.

BAKARI: Wazo hilo ni la zamani, mwanafalaki Heinrich Olbers alilitoa baada ya kuigundua Pallas mwaka 1802. Lakini tonge tumeshalipima, halifiki hata Mwezi. Halafu asteroidi za upande wa ndani nyingi ni za mwamba mkavu, za nje ni nyeusi, zenye kaboni na madini yaliyoshika maji. Hazifanani na vipande vya chungu kimoja. Fikiria nyumba ambayo haikujengwa. Kokoto zilimwagwa uwanjani, fundi hakuzitumia.

ZUHURA: Nani alimzuia?

BAKARI: Mshtarii. Uvutano wake uliyachangamsha mawe yale mpaka yakawa yanagongana kwa kasi na kuvunjika, badala ya kugusana taratibu na kushikana. Mengi yakatupwa nje kabisa. Na bado anaendelea. Mwaka 1866 mwanafalaki Daniel Kirkwood alionyesha kwamba ukandani kuna mapengo. Chukua asteroidi inayozunguka Jua mara tatu kila Mshtarii anapozunguka mara moja. Wawili hao wanakaribiana sehemu zilezile kila mara, na kila mara anaivuta kidogo upande uleule.

ZUHURA: Haba na haba.

BAKARI: Haba na haba mpaka njia yake inarefuka na kupinda, inaanza kukata njia ya Mirihi, hata ya Dunia. Jirani zetu wengi wa hatari wametokea huko.

ZUHURA: Kama asteroidi Bennu?

BAKARI: Bennu nayo ilitoka ukandani. Ile si jiwe moja hata kidogo, ni lundo la changarawe lililoshikana kwa uvutano hafifu. OSIRIS-REx, chombo cha Marekani, ilipoigusa 2020, mkono wake ulizama kama mtu anayekanyaga mchanga mkavu. Mwaka 2023 ilituletea gramu 121.6, na ndani yake zimo asidi amino, vijenzi vya protini.

ZUHURA: Kokoto za fundi zenyewe!

BAKARI: Zenyewe, zina takriban miaka bilioni 4.5. Na kabla hujauliza kuhusu kugongwa: asteroidi Apophis itapita tarehe 13 Aprili 2029, kilomita 32,000 hivi juu ya uso wa Dunia, chini ya njia ya baadhi ya setilaiti zetu. Haitatugonga. Ulaya, Afrika na magharibi mwa Asia wataiona kwa macho matupu.

ZUHURA: Kinukta kinachosogea.

BAKARI: Kama kile cha Piazzi, ila hiki tunajua kesho yake kitakuwa wapi.