Kikao Usichoalikwa: Mhandisi wa Programu na Tathmini ya Mwaka

Habari za jioni, ndugu zangu.

Kuna kikao ambacho wengi wenu hamjawahi kukiona. Katika kampuni nyingi, kabla meneja hajakuita kukusomea daraja lako la tathmini ya mwaka, huwa amekwisha kukaa na mameneja wenzake, majina ya wahandisi wote yako mezani, wanalinganisha. Wewe hukualikwa, unasemewa. Na meneja mwenye watu wanane hukusemea kwa dakika chache tu, macho yake yakiwa kwenye fomu ya tathmini uliyojaza wewe. Kwa hiyo fomu ile si barua ya kumfurahisha bosi. Ni maneno unayompa akakutetee nayo.

Anza wiki nne kabla ya fomu kufungwa, na anzia kwenye Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya msimbo, maana mwezi wa Desemba hakuna anayekumbuka alichofanya Februari. Amri ni hii:

git log --all --no-merges --author="jina" --since="2025-01-01 00:00" --until="2025-12-31 23:59"

Saa zile msiziache. Ukiandika tarehe peke yake, Git hujaza saa ya wakati unapotoa amri, na sehemu ya siku ya kwanza au ya mwisho inaweza kukatwa bila wewe kujua. Kama umetumia barua pepe mbili, ya ofisini na ya nyumbani, rudia --author kwa kila moja. Na kama tathmini yenu inafuata mwaka wa fedha wa serikali, Kenya au Tanzania, wekeni 1 Julai hadi 30 Juni.

Orodha itakayotoka ni ya kukukumbusha, basi. Msipeleke idadi ya komiti, yaani mabadiliko yaliyohifadhiwa kwenye Git, kwenye fomu: mmoja huigawa kazi ya siku moja komiti arobaini, mwingine huibana ya wiki nzima ikawa moja.

Tena Git haioni kila kitu. Haioni saa ulizotumia kukagua msimbo wa wenzako. Kwa GitHub, tovuti ya kuhifadhia na kukagulia msimbo, tafuta hivi:

is:pr reviewed-by:jina -author:jina merged:2025-01-01..2025-12-31

Usiku ulioamshwa seva imelala, utaupata kwenye ripoti za hitilafu. Mwanafunzi wa mafunzo kazini uliyemwelekeza, pengine hayumo popote isipokuwa kwenye kalenda yako.

Sasa takwimu, na hapa ndipo wengi hukwama. Unakumbuka kwamba mwezi wa Mei uliharakisha huduma fulani, unakwenda kutafuta grafu, haipo. Prometheus, programu inayokusanya vipimo vya mifumo, isipobadilishwa mipangilio hutunza vipimo hivyo kwa siku 15 tu. Kipimo cha "kabla" kinapigwa picha kabla ya kugusa msimbo, na picha inabandikwa kwenye tiketi yenyewe, yaani kumbukumbu ya kazi hiyo kwenye mfumo wenu. Ukiwa umechelewa, usibuni namba. Eleza badiliko kwa maneno, na utaje nani aliliona.

Tazameni sentensi mbili. Ya kwanza: "Niliboresha mfumo wa ripoti." Meneja ataifanyia nini hiyo? Ya pili: "Ripoti ya miamala ya siku ilikuwa ikichukua dakika 40. Niliongeza faharasa kwenye jedwali la miamala na kuondoa hoja (query) ya hifadhidata iliyorudiwa kwa kila mteja. Sasa ni dakika 3, na wahasibu hawabaki ofisini hadi saa mbili usiku kuisubiri." Ina hali ya kwanza, ulichofanya, matokeo, na mtu aliyenufaika. Kazi nne au tano za namna hiyo, ukurasa mmoja na nusu, zinatosha. Orodha ya tiketi 60 haisomwi na mtu.

Lengo lililofutwa katikati ya mwaka litaje, pamoja na tarehe na aliyeamua, la sivyo litasomeka kama umeshindwa. Na kama kweli ulishindwa, mfano toleo lako liliangusha malipo kwa saa mbili, liandike mwenyewe: chanzo, na jaribio la kiotomatiki uliloongeza ili kosa lisirudi. Wale mameneja wengine wanalijua tayari.

Maoni ya wenzako omba kwa watu watatu, mmoja wao awe nje ya timu yako. Usiulize "unanionaje?" Uliza: "Tulipohamisha hifadhidata mwezi wa Agosti, nilikusaidia wapi, na wapi nilikuchelewesha?"

Ombi la kupandishwa daraja lisingoje siku ya kikao, kwa sababu bajeti na majina mara nyingi yamekwisha kupita. Mwambie meneja miezi mitatu kabla, ukiwa na jedwali la vigezo vya daraja linalofuata mkononi, na umuulize ni kigezo gani bado haoni ushahidi wake. Atakachojibu kiandike, kisha mtumie kwa barua pepe siku hiyohiyo.

Haya, nani anaanza na swali?