Kitasa Kinachokutazama

Mbukwenyi! Wazee wangu, shikamooni. Wanangu, hamjambo.

Hiki mnachokiona ukutani ni kitasa cha mlango wa ukumbi huu, nimekipiga picha asubuhi. Skrubu mbili juu, tundu la ufunguo chini. Wangapi wanamwona mtu aliyeshangaa? Naam, karibu wote. Sasa nakigeuza juu chini. Ameondoka! Na chuma ni kile kile.

Hakuna aliyekaa akafikiri ndipo akamwona. Chini ya ubongo, zaidi upande wa kulia, kuna sehemu ambayo Nancy Kanwisher na wenzake huko Marekani waliieleza mwaka 1997: huchangamka sana mtu anapotazama uso. Umeme wa ubongo ukipimwa, dalili ya uso hujitokeza ndani ya sekunde 0.17 hivi. Macho mawili juu, kitu kimoja chini, basi, ubongo umeshaitika. Akili ya kusema "hiki ni kitasa" inafika baadaye.

Tumezaliwa nayo hali hii. Utafiti uliochapishwa mwaka 1975 ulionyesha kuwa watoto wachanga, wenye umri wa dakika chache tu, hugeuza macho na kichwa kufuata mchoro wa uso kuliko mchoro uliovurugwa. Hebu fikirini: hata maziwa bado, na tayari anamtafuta mama. Mimi jambo hili hunigusa kila ninapolisema.

Nilipokuwa mdogo tulilala kwenye tembe la bibi, upande wa Mpwapwa. Udongo wa ukuta ulikuwa umepasuka, na usiku, koroboi ikiwaka pale chini, mzee mmoja alinitazama kutoka kwenye zile nyufa. Nililia. Bibi hakunigombeza, wala hakusema nimerogwa. Alichukua koroboi, akaipeleka upande wa pili wa ukuta, akaniuliza, "Yuko wapi sasa, mjukuu wangu?" Hakuwapo. Palibaki nyufa, na vivuli vimelala upande mwingine.

Tarehe 25 Julai 1976 chombo cha Viking 1 kilipiga picha ya kilima katika sayari ya Mirihi, eneo la Cydonia, jua likiwa chini. Kivuli kikachora jicho, pua na mdomo, na watu kwa miaka mingi wakaamini kuna sanamu iliyochongwa huko. Mwaka 2001 chombo kingine, Mars Global Surveyor, kikapiga picha safi zaidi, mwanga ukiwa tofauti. Kumbe mlima tu, umeliwa na mmomonyoko. Mnaona? Ni koroboi ya bibi ile ile.

Kwa hiyo mtoto akikwambia ukutani kuna mtu, usimwite mwongo, na usikimbilie kumtafutia mchawi jirani. Amemwona kweli. Kaa naye, shika taa.

Sasa naomba tuzime taa za juu, tubaki na hii tochi yangu. Tazameni ukuta wa kushoto, pale rangi ilipobanduka. Mmemwona? Haya, wewe binti wa mbele, njoo uishike, uihamishe taratibu.