Kovu la Mkono wa Kushoto

Kabla sijasema lolote, kunjeni mkono wa nguo. Wa kushoto, mzee, si huo. Tazameni chini ya kiwiko, upande wa nje. Wenye kakovu ka mviringo, inueni mikono. Haya, karibu ukumbi mzima. Hiyo ni chanjo ya BCG, ya kifua kikuu, mliyodungwa mkiwa wachanga. Nyanya wa leso ya manjano, una miaka mingapi? 52! Na bado unapanda mlima wa Riat na ndoo ya omena kichwani.

Nimekuwa muuguzi Kisumu hii tangu nywele zikiwa nyeusi, na swali ni lile lile: "Sista, nikimchanja mtoto, miaka 20 baadaye atakuwaje?" Mimi humkunja muulizaji mkono wa nguo yake mwenyewe.

Kuna kijana pale nyuma anacheka. Najua unachotaka kusema: waliokufa hawakuja kukunja nguo. Umesema kweli, na mimi napenda mtu mbishi. Ndiyo maana hakuna anayehesabu makovu ya ukumbini. Wanahesabiwa watoto waliochanjwa na wasiochanjwa, miaka nenda miaka rudi. Denmark walifuatilia zaidi ya 650,000, chanjo ya surua haikuongeza usonji. Ule uvumi kwamba chanjo huleta usonji ulitokana na karatasi ya daktari mmoja Uingereza, 1998, watoto 12. Kumi na wawili! Darasa la nasari lina zaidi. Jarida lenyewe likaifuta 2010.

"Hao ni wazungu, Sista." Haya, turudi nyumbani. Chanjo ya malaria ilipojaribiwa, Siaya na Kombewa zikiwemo, takwimu zilionyesha mambo ya kutia wasiwasi: homa ya uti wa mgongo, malaria ya ubongo, na vifo vya wasichana. Hayakufichwa. Yaliandikwa, ndipo 2019 ikaanza awamu ya majaribio Malawi, Ghana na hapa kwetu. Ndhiwa ilikuwa ya kwanza Kenya, Septemba. Maeneo mengine yakapata, mengine yakasubiri, ili watoto walinganishwe. Wasiwasi ule haukuthibitika, na Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Kwa hiyo swali lenu liliulizwa, tena kwa watoto wa majirani zenu, na jibu likangojewa.

Linaloniudhi ni hili. Mbona hakuna anayeniuliza *surua* itafanya nini miaka 10 baadaye? Surua hufuta kumbukumbu ya kinga, mwili unasahau maradhi uliyokwisha kuyashinda. Mtoto anapona upele, jirani anashangilia, kisha nimonia inamchukua. Na wachache, kwa nadra, hupona kabisa, huenda shule, halafu miaka kama 7 baadaye daftari linaanza kuharibika. Herufi zinapinda, kikombe kinadondoka. Ubongo unaoza polepole na hatuna dawa ya kuuponya. Hayo ndiyo madhara ya muda mrefu, mama.

Nilitaka kugusia chanjo ya rotavirasi, ile ya kuhara, na homa ya baada ya sindano, mwenyekiti ananionyesha saa. Homa ni ya kawaida, degedege mkimbize hospitali, basi.

Sindano ya nne ya malaria ni mtoto akifika miaka 2. Wengi mnaacha kwa sababu anakimbia, mnaona amekwisha kukua. Nyanya, kijitabu cha mjukuu umekuja nacho? Hebu lete nione.