Nduli hadi Songwe: kilomita chache, dakika nyingi

Wakubwa shikamooni. Vijana, hamjambo? Haya, leo tunapima: ndege ya Iringa hadi Mbeya inaokoa muda kiasi gani kuliko basi? Tuanzie ubaoni.

Kiwanja cha ndege cha Nduli, Iringa, kipo nyuzi 7.67 kusini na 35.75 mashariki. Songwe, hapa kwetu Mbeya, ni 8.92 kusini na 33.27 mashariki. Toa: 1.25 upande huu, 2.48 upande ule. Nyuzi moja kutoka kaskazini kwenda kusini ni kilomita 111. Ya mashariki–magharibi, kwa huku tulipo, ni kama 110. Zidisha, utapata 139 na 273. Pythagoras wa kidato cha pili anamalizia: 306.

Dunia ni duara, najua, na kuna mwalimu hapo mbele keshatikisa kichwa. Kwa umbali huu kosa lake ni dogo kuliko barabara ya kurukia ya Songwe, ambayo inazidi kilomita 3.

Mstari huo unakatiza juu ya bonde la Usangu. Basi haliwezi. Linashuka Mafinga hadi Makambako, ndipo ligeukie Igawa, Chimala, Igurusi, Uyole. Ni mwendo wa saa tano au sita, malori ya Tunduma yakiwa na huruma.

Sasa chukua Dash 8 Q400, ile ya mapangaboi. Ikishatulia angani hukimbia kama kilomita 660 kwa saa, kwa hiyo 306 ingezimaliza kwa dakika 28. Hesabu safi, ila hakuna abiria atakayezipata dakika hizo. Ndege hutumia sehemu kubwa ya njia fupi kama hii ikipanda na kushuka, na humo mwendo ni mdogo. Kisha inazunguka kujipanga na uwanja, inatua, inajikokota hadi maegesho. Mimi naandika dakika 45, na hapo ukungu haujafunga Songwe.

Upepo? Watu huutaja sana. Upepo wa mbele wa kilomita 40 kwa saa, kwenye njia hii, unaongeza dakika mbili hivi. Tuuache.

Dakika zinazouma ziko chini. Kwenda Nduli, kusubiri, kukaguliwa, kungoja begi, halafu kutoka Songwe kupita Mbalizi mpaka Mwanjelwa, na nyote mnaijua foleni ya Mbalizi jioni. Jumla inagusa saa tatu. Umeokoa saa mbili au tatu, basi, kwa nauli ya ndege.

Lakini dakika hizo za chini haziongezeki kwa urefu wa safari. Kuwasha jiko la mkaa ni kulekule, uchemshe chai ya mtu mmoja au ya msiba mzima. Dar es Salaam hadi Songwe kwa anga ni kama kilomita 690, zaidi ya mara mbili ya Nduli, na kwa Q400 ileile nyongeza ni kama dakika 35 tu. Kwa basi ni siku nzima, Mikumi na Kitonga vikiwemo. Ndiyo maana njia ya Dar inalipa, na ya Iringa kwa abiria wa kawaida mimi sioni hesabu yake, isipokuwa mgonjwa anayewahi.

Dodoma hadi Songwe nawaachia: 6.17 kusini, 35.75 mashariki. Mkipata karibu na 410, mko sawa. Maswali?