Mkopo wa Simu: Haki Inaamuliwa Kabla Modeli Haijafundishwa

ZUHURA: Karibu ndugu msikilizaji, tunazungumza nawe kutoka Dar es Salaam. Mimi ni Zuhura, niko na kaka yangu Baraka. Leo tunaziangalia algoriti za kukopesha, zile zinazosoma miamala ya simu ya mama lishe wa Mbagala au machinga wa Kariakoo na kumjibu ndani ya sekunde chache: unapata, hupati. Tunazungumza na wewe unayezijenga. Haki ya huyu mkopaji unaiingiza wapi?

BARAKA: Asante dada Zuhura. Wengi wanaitafuta mwishoni. Modeli, yaani programu inayojifunza kutabiri kutokana na data, imeshafundishwa, usahihi umeshapimwa, ndipo mtu anauliza kama inawaonea wanawake. Wakati huo maamuzi mazito yameshapita. Anza na kile unachokitabiri. Unasema unamtafuta "asiyelipa". Asiyelipa ni nani? Aliyechelewa siku 7? 30? 90?

ZUHURA: Na mkopo wenyewe mara nyingi ni wa siku 14.

BARAKA: Ndiyo. Sasa muuza samaki wa Feri pesa yake inazunguka kwa siku moja au mbili. Mfugaji wa kuku wa nyama anasubiri kama wiki 5 au 6 ndipo auze. Ukisema aliyechelewa siku 7 ni mbaya, mfugaji ana siku 21 tu tangu achukue mkopo. Ataandikwa mbaya hata kama wiki ya 6 analipa kila shilingi. Modeli hapo imejifunza biashara yake inachukua muda gani, nawe unaisoma kama kipimo cha uaminifu.

ZUHURA: Kosa hilo limetokea hata kwenye hospitali. Mwaka 2019, watafiti wakiongozwa na Ziad Obermeyer walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa algoriti iliyotumika Marekani kuchagua wagonjwa wa kupewa uangalizi wa ziada. Ilitabiri gharama za matibabu, watu wakachukulia kwamba gharama ni sawa na ugonjwa. Lakini wagonjwa weusi walikuwa wanatumiwa pesa kidogo kuliko weupe wenye hali ileile ya afya, kwa hiyo alama zao zikawa chini. Walikokotoa kwamba kuondoa tofauti hiyo kungeongeza sehemu ya wagonjwa weusi kati ya wanaopata msaada kutoka asilimia 17.7 hadi 46.5. Na algoriti haikupewa rangi ya mtu kama taarifa.

BARAKA: Ndiyo maana nasema lengo la utabiri likaguliwe kwa macho ya binadamu. Chukua mikopo 200 iliyoandikwa mibaya, mkae watu wawili muisome mmoja mmoja pamoja na kumbukumbu za miamala. Mtakuta mteja alilipa usiku wa tarehe ya mwisho, mfumo ukaingiza malipo kesho yake. Mtakuta laini imesajiliwa kwa jina la mke, aliyekopa ni mume. Mtakuta malipo yalirudishwa kwa hitilafu ya mtandao. Kama 30 kati ya 200 ziko hivyo, asilimia 15 ya wabaya wako si wabaya, na hakuna hesabu ya baadaye itakayokusafishia hilo.

ZUHURA: Kuna na wale wasiokuwemo kabisa. Historia ya marejesho unayo kwa waliopewa tu. Waliokataliwa hujui wangelipa au la. Ukifundisha modeli mpya kwa data hiyo, inarithi ukaidi wa ile ya zamani, kisha inawakataa walewale, na mwaka ujao bado hakuna ushahidi wa kuwatetea.

BARAKA: Dawa yake inagharimu pesa, na naomba watu wa fedha wasikilize hapa. Kila mwezi wape mkopo mdogo baadhi ya waliokataliwa, wachaguliwe kwa bahati nasibu. Tuseme mmekataa maombi 10,000. Asilimia 2 ni watu 200. Kila mmoja shilingi 20,000, jumla ni milioni 4. Hata nusu wasiporudisha, mmepoteza milioni 2, na mmenunua kitu ambacho hakipatikani kwa njia nyingine: picha ya kweli ya mnaowakataa. Kwenye kufundisha, kila mmoja wa hao 200 ahesabiwe kama watu 50, kwa sababu anawakilisha 50.

ZUHURA: Wapewe masharti yaleyale ya wateja wengine. Riba isipandishwe, simu za vitisho zisipigwe. Wengine hawatalipa, hilo mlilijua mkiingia, na si halali kumgeuza mtu kuwa jaribio halafu mkamwandika kwenye taarifa za wadaiwa sugu.

BARAKA: Kabisa. Tena kiwango kiwe kidogo kiasi kwamba akishindwa, hakimwangushi.

ZUHURA: Twende kwenye vigezo, yaani taarifa za mteja ambazo modeli inazisoma. Mtu anakwambia, "Sisi tumeondoa jinsia, kwa hiyo hatubagui."

BARAKA: Jinsia imebaki, imejificha tu. Iko kwenye saa za kununua vocha, kwenye aina ya simu, kwenye ukubwa wa miamala, kwenye idadi ya watu anaowatumia pesa. Jaribio lake ni rahisi. Chukua vigezo vyote vya modeli yako, jenga modeli ya pili inayotabiri jinsia kwa vigezo hivyohivyo. Itazame AUC yake, kipimo cha jinsi modeli inavyotofautisha makundi mawili, ambapo 1 ni bila kosa. Ikipata 0.5, inabahatisha. Ikifika 0.8, ujue jinsia imo ndani. Kwa hiyo jinsia usiifute kwenye kampuni. Itunze kando, kwenye hifadhi ambayo modeli ya mikopo haiifikii na wakaguzi wanaifikia. Ukiifuta kabisa umejifunga macho.

ZUHURA: Na orodha ya namba za simu za mteja? Naiona inaombwa na programu nyingi.

BARAKA: Itoke. Haina maelezo yoyote ya uwezo wa kulipa yanayoweza kutetewa mbele ya mteja, na inawaingiza ndugu na majirani ambao hawakukubali chochote. Watu hawaiiti mikopo ya namna hiyo kausha damu bure: mtu akichelewa, bosi wake na mama mkwe wanatumiwa ujumbe. Usipoikusanya, hakuna wa kuitumia vibaya. Hii ni sehemu ya usanifu wa algoriti.

ZUHURA: Sasa vipimo vya usawa. Wengi wanakimbilia uwiano wa wanaokubaliwa. Wanaume 60 kwa 100, wanawake 42 kwa 100. 42 kwa 60 ni 0.70, iko chini ya ile asilimia 80 ya miongozo ya ajira ya Marekani ya mwaka 1978, kwamba kiwango cha kundi moja kisishuke chini ya asilimia 80 ya kiwango cha kundi linaloongoza. Inatosha?

BARAKA: Inakushtua, haikwambii kosa liko wapi. Mimi napenda kuuliza: kati ya wanaolipa kweli, wangapi tumewakataa? Kama kwa kila wanawake 1,000 wanaolipa tumekataa 300, na kwa wanaume tumekataa 150, hapo kuna dhuluma inayoonekana, mwanamke mwaminifu ana hatari maradufu ya kukataliwa. Na hili hulijui bila wale 200 wa bahati nasibu.

ZUHURA: Mtu atasema basi tutimize vipimo vyote.

BARAKA: Haiwezekani. Angalia COMPAS, programu ya Marekani ya kukadiria hatari ya mshtakiwa kurudia kosa. Mwaka 2016 waandishi wa habari wa ProPublica walichambua data za kaunti ya Broward, Florida. Kati ya ambao hawakurudia kosa, waliowekwa kundi la hatari kubwa walikuwa asilimia 44.9 ya weusi na 23.5 ya weupe. Kampuni iliyoitengeneza ikajibu kwamba alama zake zina maana ileile kwa weusi na weupe. Kila upande ulikuwa na hesabu zake. Watafiti Kleinberg, Mullainathan na Raghavan, na Chouldechova kwa upande wake, wakaonyesha kihisabati kwamba viwango halisi vya kurudia kosa vikitofautiana kati ya makundi na utabiri usipokuwa kamili, huwezi kutimiza vipimo hivyo vyote vya usawa kwa pamoja. Kwa hiyo unachagua, unaandika sababu, na aliyechagua anasaini jina lake. Msimwachie mchambuzi wa data aamue peke yake saa nne usiku.

ZUHURA: Na ule mstari wa kukatia? Maana modeli inatoa uwezekano tu. Anayesema "hapana" ni mstari.

BARAKA: Fanya hesabu waziwazi. Mkopo ni 100,000, ada ni 10,000. Akilipa unapata 10,000, asipolipa unapoteza 100,000. Faida na hasara zinalingana pale uwezekano wa kutolipa ukiwa 10 kwa 110, yaani kama asilimia 9. Sasa kama kwa kawaida mnarejesha nusu ya deni, hasara ni 50,000, mstari unasogea hadi 10 kwa 60, karibu asilimia 17. Tazama ni watu wangapi wanaingia au kutoka kwa dhana moja tu! Na hesabu nzima ni ya mkopeshaji. Mama aliyekopeshwa asiyeweza kulipa, akauza cherehani yake, hayumo. Ndiyo sababu lazima muweke pia kikomo cha marejesho kulingana na mapato, hata pale modeli inaposema yuko salama.

ZUHURA: Nikazie jambo la idadi, maana linawapotosha wengi. Ukipima kiwango cha makosa kwa wanawake 40 na ukapata asilimia 10, ukweli unaweza kuwa popote kati ya 1 na 19 hivi. Ukiwa na 400, inabaki kama pointi 3 juu na chini. Kwa hiyo ripoti inayosema "hakuna tofauti kati ya makundi" huku kundi moja lina watu 40 haijasema kitu.

BARAKA: Hapohapo. Ongeza na makundi yaliyopishana, mwanamke wa Kigamboni anayetumia kiswaswadu, simu ndogo ya vitufe. Watafiti Buolamwini na Gebru mwaka 2018 walipima programu za kutambua jinsia kwa picha za uso. Wanaume weupe makosa yalikuwa hadi asilimia 0.8, wanawake weusi yakafika 34.7. Wastani ulikuwa umeficha yote.

ZUHURA: Baada ya kuingia sokoni?

BARAKA: Pima mabadiliko kila mwezi kwa PSI, kipimo cha jinsi data ya wateja wa sasa ilivyoachana na ile iliyofundishia modeli. Chini ya 0.1 tulia, kati ya 0.1 na 0.25 fuatilia, juu ya hapo simamisha uchunguze. Na chunguza kwa akili ya nchi. Tozo za miamala ya simu zilipoanza Julai 2021, watu wakapunguza kutuma wakashika taslimu. Modeli inayosoma mzunguko wa simu kama kipato ingeona mfanyabiashara amefilisika, kumbe anauza kama jana. Hakuna kipimo cha usawa kitakachokueleza hilo, lazima mtu anayeijua mitaa awe mezani.

ZUHURA: Na anayekataliwa aambiwe nini? "Hujakidhi vigezo" ni kumfukuza.

BARAKA: Aambiwe sababu mbili au tatu za kweli, kwa Kiswahili, anazoweza kuzifanyia kazi. Hapo ndipo modeli nyepesi inashinda. Jenga modeli ya pointi, ambayo kila kigezo kina pointi zake zinazojumlishwa, yenye vigezo 10 hadi 15, ilinganishe na ile nzito. Tofauti ya AUC ikiwa 0.01, chukua nyepesi. Zana za kufafanua modeli nzito huweza kukosea kigezo kipi kilichosababisha uamuzi pale vigezo vinapokwenda pamoja, na mteja anapewa sababu isiyo yake.

ZUHURA: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo imegusa hili, mtu anaweza kutaka uamuzi unaomgusa sana usitegemee mtambo peke yake.

BARAKA: Kwa hiyo weka rufaa yenye meno. Namba ya bure, kwa sababu wa kiswaswadu hana programu. Mpitiaji aone taarifa za mteja kabla ya kuona alama ya modeli, la sivyo atagonga muhuri tu. Awe na mamlaka ya kubadilisha bila kuomba kibali. Hesabuni kila mwezi amebadilisha mangapi. Ikiwa sifuri kwa miezi 3, chunguzeni kama anaogopa au hana muda. Na kila uamuzi uliobadilishwa urudi kwenye ile meza ya watu wawili wanaosoma mikopo mmoja mmoja, wakague kama kosa lilikuwa la kigezo, la mstari, au la lile neno "asiyelipa".