Jinsi ya kupima keisi ya kompyuta: nafasi ya mikono na njia ya hewa

Mambo vipi wadau, karibuni sana. Leo kuna keisi mezani, yaani lile boksi linalobeba vifaa vyote vya kompyuta, na tunaipima mwanzo mwisho, maana kila siku naulizwa prosesa gani, GPU (kadi ya picha) gani, ram ngapi, halafu mtu akishamaliza hela kwenye hivyo ndio anaokota keisi yoyote yenye taa za kuwaka, anaipeleka chumbani, na chumba chenyewe kiko Dar, mwezi wa pili, AC hakuna. Sikilizeni hii kwanza kabla sijashika bisibisi: feni haiwezi kupoza kitu kikawa baridi kuliko hewa ya chumba. Chumba kikiwa digrii 32, mashine yako inaanzia 32. Jamaa wengi wa Ulaya na Marekani wanapimia kwenye chumba cha digrii 20, 21, kwa hiyo ukisikia wanasema prosesa imefika 75, kwako wewe hesabu 85 na ushee. Kwetu huku keisi ni sehemu ya kipoozeo kabisa.

Hii hapa ni Corsair 4000D Airflow, ilitoka 2020. Sijalipwa na mtu kuionyesha, mimi nafunga mashine na nauza feni na machujio, basi. Nimeichagua kwa sababu wengi mnaijua na ni saizi ya kawaida, kimo chake milimita 466, upana 230, kwenda nyuma 453, inaingia mazabodi, yaani bodi kuu, ya saizi ya ATX bila shida. Yako hata ikiwa nyingine kabisa hatua ni hizi hizi.

Tuanze na uso. Washa tochi ya simu, zima taa ya chumba, vuta huu uso wa mbele utoke, unashikwa na vibanio tu, halafu weka tochi kwa nyuma yake. Dogo zima taa. Mnaona? Mwanga unapita kila mahali, chuma chote kimetobolewa tobolewa. Mwanga ukipita na hewa inapita. Sasa chukua keisi yenye kioo kizima mbele, pale mwanga unatokea kwenye vile vipenyo vya pembeni peke yake, na feni zako tatu zote zinagombania vipenyo hivyo. Kipimo hiki fanya dukani kabla hujalipa, muuzaji akikukatalia kuvuta uso wa keisi tafuta duka lingine. Washa taa.

Sasa kioo cha ubavuni. Hapa nisikilizeni vizuri. Skrubu mbili za mkono nyuma, legeza, vuta, kioo hiki mkononi. USIKIWEKE KWENYE TAILIZI. Narudia, usikiweke kwenye tailizi, hata kukiegemeza ukutani kona ikiwa inagusa sakafu, hata kwa sekunde moja unachukua bisibisi. Kioo hiki kimechomwa na kupozwa ghafla kiwandani, ukikigonga katikati ya uso kinastahimili kweli kweli, ila ukingo na kona ndio udhaifu wake, na tailizi ni ngumu sana, kikiguswa na kijincha kidogo tu kwenye kona kinapasuka chote kwa mpigo kinakuwa chengachenga chumba kizima. Mimi naweka kanga iliyokunjwa kitandani, kioo kinalala chali juu yake, mlango wa chumba nafunga watoto wasiingie. Kanga, kitanda, chali. Tutarudi kwenye hili wakati wa kufunga maana watu wanasahau.

Ubavu wa pili ni chuma, vuta, weka pembeni.

Angalieni ndani hapa, hivi vinguzo vidogo vya shaba. Bodi ya ATX ni milimita 305 kwa 244, ina matundu 9, na vinguzo vinatakiwa viwe chini ya matundu hayo tu. Ukifunga bodi ndogo ya micro-ATX, ile ya 244 kwa 244, kuna kinguzo kinabaki hakina tundu, na kile kikiachwa kinagusa lehemu chini ya bodi, shoti. Kwa hiyo weka bodi juu ya boksi lake, hesabu matundu, hesabu vinguzo, cha ziada fungua. Keisi nyingi za siku hizi kinguzo cha katikati kina ncha badala ya uzi wa skrubu, ile ncha inaingia kwenye tundu inakushikia bodi isiteleze huku unatafuta skrubu. Napenda sana hiyo. Ukiwa peke yako saa tano usiku utaelewa.

Kabla bodi haijafungwa, kona ya juu kushoto. Sogeza kamera dogo, hapa, hapana juu zaidi, hapo. Hiki kitundu ni cha waya wa prosesa, ule wa pini 8. Swali la kujiuliza ni mawili: kitundu kipo, na kichwa cha waya kinapita? Kuna keisi za bei ya chini kitundu hakipo kabisa, waya unakatiza juu ya bodi na kipoozeo, ovyo. Na kikiwepo, PITISHA WAYA HUU KWANZA ndio ufunge bodi. Bodi ikishafungwa nafasi inabaki ya kidole kimoja, hasa ukiwa na kipoozeo kikubwa. Waya kwanza, bodi baadaye.

Tugeuze keisi. Nyuma ya ukuta wa bodi hapa kuna nafasi ya nyaya, na hii ina kama milimita 25. Kipimo cha dukani ni kidole gumba chako: kikilala hapo kikaenea bila kutokeza nje ya fremu, uko salama. Kisipoenea, ule waya mnene wa umeme wa bodi, wa pini 24, utausukuma mlango wa chuma utoke tumbo, mtu anaufunga kwa goti, skrubu zinaliwa meno. Angalia pia kama kuna sehemu za kufungia kebo tai, hii inazo pamoja na njia maalumu ya kupitishia waya mnene. Pawa saplai inakaa chini, feni yake itazame chini kwenye chujio. Ukiwa na kapeti chumbani nunua kibao uweke chini ya keisi, maana kapeti inaziba pumzi ya pawa saplai yote.

Saizi sasa. Hii inabeba GPU mpaka milimita 360 na kipoozeo cha prosesa mpaka 170. Kipoozeo kikubwa kama Noctua NH-D15 ni 165, kinaingia. Ila mkitaka kupoza prosesa kwa maji na kuweka rejeta yake mbele, toeni unene wake kwenye ile 360, rejeta nyingi ni 27 na feni zake 25, kwa hiyo ondoa zaidi ya 50. Na hizi GPU za feni tatu za sasa hivi zinazidi 300 kirahisi. Chukueni futi, pimeni wenyewe.

Nyaya za mbele haraka haraka: swichi ya kuwashia haina chanya wala hasi, taa zinazo. Kichwa cha USB 3 kina pini 19 nyembamba, kikandamize kimenyooka, usikipinde pinde.

Mazabodi ndani, pawa saplai ndani, nimeruka hapo maana hiyo mnaijua. Feni.

Hii inakuja na feni mbili za 120, moja mbele moja nyuma. Kwa Dar mimi nasema hazitoshi, naongeza mbili mbele ziwe tatu zinaingiza, ile ya nyuma inatoa. Upande wa feni ulio wazi ndio unaovuta, upande wenye vile vyuma vinavyoshika mota ndio unaosukuma. Nataka zinazoingiza ziwe na nguvu kuliko zinazotoa, kwa sababu hewa ya ziada inatafuta kutokea kwenye vipenyo vyote vidogo, na kipenyo kinachotoa hewa hakiingizi vumbi. Ukifanya kinyume, keisi inavuta kila tundu lisilo na chujio, na wewe uliye barabara ya vumbi Mbagala au Kitengela, mwezi mmoja GPU imevaa sweta.

Nawasha... Subiri. Mnasikia hiyo? Trrrrr. Zima, zima. Waya umegusa pangaboi la, aah, umegusa panga za feni, huu hapa wa feni ya katikati. Hii ni ya kawaida kwenye kila keisi, ndio maana unawasha kabla hujafunga ubavu wowote. Kebo tai moja, kata mkia. Haya.

Tayari? Sasa udi. Ndiyo, udi wa kijiti. Zima pangaboi la chumbani, funga dirisha, upepo wowote unaharibu kipimo. Mashine imewaka, kioo nakibandika kwa muda na mikono miwili, dogo shika udi mbele ya uso wa keisi, mbali kidogo, jivu lisivutwe ndani. Tazameni moshi. Unanyooka kama uzi, unaingia feni ya chini kabisa, unapita chini ya GPU, unapanda, unatokea nyuma. Safi sana hiyo. Sasa peleka udi nyuma, kwenye vile vipande vinavyoziba nafasi za kadi. Moshi unasukumwa nje, hauingii. Ndivyo tunavyotaka, hewa ya ziada inatoka.

Sasa nawaonyesha kitu. Naweka feni ya kutoa juu, ila kule mbele kabisa, karibu na uso. Lete udi tena, feni ya juu mbele. Umeona? Moshi umeingia, umepinda hapo hapo, umetoka juu. Haujafika kwenye prosesa. Ile hewa baridi uliyoilipia imeibiwa mlangoni. Watu wengi wanajaza feni juu zote wakidhani ndio baridi. Kama lazima uweke ya juu, iweke kule nyuma, juu ya prosesa. Hii naitoa. Zimeni udi sasa, muda mfupi unatosha, moshi mwingi unaacha utando ndani.

Kipimo cha mwisho ni joto, na hapa kuna kitu kinafichwa na feni zenyewe. Ukiziacha zijiendeshe, keisi ikibanwa feni zinakimbia zaidi, joto linabaki lile lile, unasema keisi nzuri kumbe inapiga kelele. Kwa hiyo ingia BIOS, ile mipangilio ya bodi kabla Windows haijawaka, funga spidi ya feni zote kwenye namba moja, mimi natumia asilimia 60. Andika joto la chumba kwenye karatasi. Washa Cinebench, programu ya kuichosha prosesa, irudie rudie, HWiNFO inayoonyesha joto iwe wazi pembeni, subiri mpaka joto liache kupanda, kama nusu saa. Andika. Sasa vuta uso wa mbele, acha kila kitu vile vile, rudia. Tofauti ikiwa digrii 2 au 3, uso wa keisi hauna tatizo. Ikifika 8, 10, uso umeziba, feni za bei utakazonunua hazitasaidia, hata hizi ninazouza mimi. Prosesa nyingi za AMD Ryzen 7000 zinaruhusiwa mpaka 95 na Intel nyingi mpaka 100, zikigusa hapo zinapunguza spidi zenyewe, mchezo unaanza kukwama. Namba za leo mnaziona chini ya skrini, chumba kilikuwa 31.

Machujio. Swali moja tu, unaweza kuyatoa bila kuinua mashine? La juu hapa ni la sumaku, linabanduka kama stika. La mbele linatoka na uso. Maji ya bomba, sabuni kidogo, lianike likauke kabisa kabisa. Mtu wa Mombasa, Tanga, Unguja, angalia na rangi ya chuma kwenye ncha za keisi na zile skrubu, rangi ikibanduka chumvi ya bahari inaanzia hapo na kutu.

Tunafunga. Ubavu wa chuma kwanza. Kioo kiko wapi? Kitandani, juu ya kanga. Beba kwa mikono miwili, kingo za ubavuni, usikitue njiani. Tailizi hapo chini, mnaiona. Usikitue! Kaa kimya usiongee na mtu. Ingiza, sukuma, skrubu kwa vidole, usitumie bisibisi, ukikaza sana unakibana kona.

Andikeni hapo chini urefu wa GPU yenu na jina la keisi, nitawajibu inaingia au haiingii. Feni za 120 zipo, za 140 zinakuja, na wale wa keisi ndogo za Mini-ITX naiandaa video yenu, kule hewa ina sheria zake nyingine.